Barabara za Jiji, Mamlaka ya Jimbo: Kwa Nini Watetezi wa Usafiri wa New York Huidhinisha Wagombea

Usalama wa mtu anayevuka barabara katika jiji la New York hutegemea uangalifu wa madereva na ubora wa taa na vivuko, lakini hutegemea pia kura za wabunge wa jimbo wanaokutana Albany, mji mkuu wa jimbo ulioko zaidi ya kilomita 200 kaskazini mwa jiji hilo. Kwa sababu hiyo, asasi zinazotetea usafiri wa umma na barabara salama hazikomei kwa madiwani na meya. Huingia pia katika uchaguzi wa jimbo, huwahoji wanaowania viti vya Bunge, kisha huwatangazia wapiga kura majina ya wale zinaoona wanastahili kuchaguliwa. Tendo hilo la asasi kumtangaza hadharani mgombea inayemuunga mkono ndilo linaloitwa hapa uidhinishaji, na makala haya yanaeleza linavyofanyika, nguvu yake inatoka wapi, na kwa nini thamani yake hupimwa baada ya uchaguzi.

Katiba ya Marekani inagawa madaraka kati ya serikali ya shirikisho na majimbo, wala haiitaji miji popote, kwa hiyo mji wowote, hata uwe mkubwa namna gani, una mamlaka yale tu ambayo jimbo limeupa. Jimbo la New York limeipa miji yake uwezo wa kujiendeshea mambo mengi, lakini sheria za magari limezishikilia lenyewe. Hali hiyo ilionekana wazi mwaka 2014, serikali ya jiji ilipoanzisha mpango wa Vision Zero, ambao msingi wake ni sera iliyopitishwa na Bunge la Sweden mwaka 1997, inayotaka barabara zijengwe na kusimamiwa kwa namna ambayo hakuna mtu atakayeuawa au kujeruhiwa vibaya kwa kugongwa na gari. Jiji lenye wakazi zaidi ya milioni 8 lililazimika kuomba idhini ya Albany ili lishushe mwendo wa kawaida wa magari katika mitaa yake kutoka maili 30 kwa saa, ambazo ni sawa na kilomita 48, hadi maili 25, yaani kilomita 40, na kikomo hicho kipya kikaanza kutumika Novemba mwaka huo.

Tofauti ya kilomita 8 huenda ikaonekana ndogo kwa aliyekaa ndani ya gari, lakini nguvu ya mgongano huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo, maana yake ni kwamba mwendo ukizidishwa mara mbili nguvu hiyo huzidi mara nne. Utafiti wa taasisi ya usalama barabarani ya AAA, chama cha wenye magari wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2011, ulikadiria kwamba mtu anayegongwa na gari lililo katika mwendo wa takriban kilomita 37 kwa saa yumo katika hatari ya kufa ya asilimia 10, hatari inayopanda hadi asilimia 25 gari likiwa katika kilomita 51, na asilimia 50 likifika kilomita 68. Mbunge anayeamua kikomo cha mwendo anaamua, kwa hesabu hizo, ni wangapi kati ya watakaogongwa watakaorudi nyumbani wakiwa hai.

Usafiri wa umma nao uko chini ya jimbo. Treni za chini ya ardhi, ambazo zilianza kazi Oktoba 1904 na leo zina vituo 472, pamoja na sehemu kubwa ya mabasi ya jiji, huendeshwa na mamlaka ijulikanayo kwa kifupi kama MTA, ambayo ni chombo cha jimbo kilichoundwa na Bunge mwaka 1965. Gavana ndiye anayemteua mwenyekiti wake, Seneti ya jimbo ndiyo inayowathibitisha wajumbe wa bodi, na bajeti ya jimbo ndiyo inayoamua kodi na tozo zipi zitaingia katika mfuko wake. Abiria anayesubiri basi lisilofika humlaumu meya kwa sababu ndiye anayemwona kila siku, ilhali wenye uwezo mkubwa zaidi wa kulirekebisha jambo hilo ni gavana na wabunge ambao pengine hawajui hata kwa majina.

Hapo ndipo uidhinishaji unapoanza kuwa na kazi, na sheria ya kodi ndiyo inayoamua nani aufanye. Asasi za hisani zilizosamehewa kodi, ambazo wachangiaji wake hupata nafuu ya kodi kwa michango yao, zimekatazwa tangu mwaka 1954 kumuunga mkono au kumpinga mgombea yeyote, ingawa zinaruhusiwa kufanya utafiti, kuelimisha umma na, kwa kiasi, kushawishi kuhusu miswada. Transportation Alternatives, iliyoanzishwa mwaka 1973 na ambayo ni miongoni mwa sauti kongwe za waendesha baiskeli na waendao kwa miguu jijini New York, iko katika kundi hilo. Kumtaja mgombea kwa jina kulihitaji chombo cha aina nyingine, nacho ni kamati ya kisiasa, yaani kundi lililosajiliwa ili kukusanya fedha na kuzitumia katika uchaguzi kwa kufuata masharti ya kutangaza mapato na matumizi yake. Mwaka 2013 watetezi wa jiji hilo waliunda kamati ya namna hiyo na kuiita StreetsPAC, ikiwa na ajenda ya barabara salama na usafiri bora wa umma.

Utaratibu wa kamati kama hizo huanza kwa hojaji, yaani orodha ya maswali ya maandishi ambayo mgombea hutakiwa kuyajibu, na ubora wa uidhinishaji wote unategemea ukali wa maswali hayo. Swali linalouliza kama mgombea anapenda barabara salama halina faida, kwa kuwa hakuna atakayejibu kwamba hapendi. Swali lenye faida humtaka aseme kama ataupigia kura muswada fulani wa kamera za kunasa mwendo kasi, kama atakubali njia ya basi ichukue nafasi za kuegesha magari katika mtaa wenye wapiga kura wake, na fedha za MTA zitoke wapi. Baada ya majibu hufuata mahojiano ya ana kwa ana, kisha kamati hutangaza uamuzi wake, na kwa wagombea kadhaa uamuzi huo huambatana na mchango wa fedha au watu wa kujitolea wanaobisha hodi nyumba kwa nyumba.

Nguvu ya tangazo hilo inaeleweka vizuri zaidi mtu akiangalia uchaguzi wa mchujo, ambao ni ule wa kumpata mgombea wa chama. Katika jimbo la New York hupiga kura wale waliojiandikisha kuwa wafuasi wa chama husika, na kwa kuwa maeneo mengi ya jiji yana wafuasi wengi wa chama cha Democratic, anayeshinda mchujo wa chama hicho huwa kama ameshapata kiti. Hata hivyo, wanaojitokeza kupiga kura za mchujo ni wachache, na viti vyote 63 vya Seneti na 150 vya Baraza la Wawakilishi la jimbo hugombewa kila baada ya miaka miwili, hivyo kundi dogo lililojipanga linaweza kubadili matokeo. Mwaka 2020 Zohran Mamdani, aliyezaliwa Kampala nchini Uganda, alimshinda mbunge aliyekuwa madarakani katika mchujo wa eneo la Queens kwa tofauti ya kura mia chache tu. Akiwa mbunge alishiriki kusukuma majaribio ya mabasi ya bure yaliyoanza mwaka 2023 katika njia tano, moja katika kila mojawapo ya wilaya tano za jiji, na mwaka 2025 akachaguliwa kuwa meya.

Iko sababu nyingine inayowafanya abiria na waendao kwa miguu wahitaji wa kuwasemea wakati wa uchaguzi. Mwenye duka anayepoteza nafasi ya kuegesha gari mbele ya mlango wake anaijua hasara yake leo, na atahudhuria kila mkutano kuipinga njia ya basi, lakini maelfu ya abiria ambao kila mmoja angeokoa dakika chache kwa siku hawajuani wala hawana mkutano wao, na mtoto ambaye hatagongwa mwaka ujao kwa sababu ya kamera iliyo karibu na shule yake hatajua kamwe kwamba ameokolewa. Siasa husikia haraka kilio cha mwenye hasara inayoonekana, na uidhinishaji ni njia mojawapo ya kuwageuza wale wasiosikika kuwa idadi ya kura ambayo mgombea analazimika kuihesabu.

Historia ya kamera za kunasa mwendo kasi inaonyesha gharama ya kutohesabiwa. Bunge liliruhusu kamera 20 za majaribio mwaka 2013, likaongeza hadi 140 mwaka uliofuata, zote zikiwa karibu na shule, na faini yake ikiwa dola 50 bila kuathiri leseni ya dereva. Kibali hicho kilipokwisha katikati ya mwaka 2018, Baraza la Wawakilishi lilikuwa limekubali kukiongeza, lakini Seneti, iliyokuwa ikiongozwa na chama cha Republican, ilifunga kikao bila kuupigia kura muswada huo, na kamera nyingi zikazimwa hadi gavana alipotumia mamlaka ya dharura Agosti mwaka huo ili ziwake shule zikifunguliwa. Novemba 2018 uongozi wa Seneti ulihamia kwa Democratic, na huko Brooklyn Seneta Marty Golden, ambaye watetezi wa kamera walimlaumu kwa mkwamo huo, alishindwa na Andrew Gounardes. Mwaka 2019 ni Gounardes huyo aliyewasilisha katika Seneti muswada ulioruhusu kamera katika maeneo 750 ya shule, na mwaka 2022 zikaruhusiwa kufanya kazi usiku na mchana. Idara ya uchukuzi ya jiji imeripoti kwamba mwendo kasi umepungua kwa zaidi ya asilimia 70 mahali zilipowekwa kamera hizo.

Hata hivyo, kumchagua rafiki wa barabara salama si mwisho wa kazi, kama inavyoshuhudiwa na safari ndefu ya tozo ya msongamano, yaani malipo yanayotozwa magari yanayoingia katikati ya jiji ili foleni ipungue na fedha ziende katika usafiri wa umma. Pendekezo la Meya Michael Bloomberg lilipitishwa na madiwani mwaka 2008 kwa kura 30 dhidi ya 20, likafa Albany bila hata kupigiwa kura, na jiji likapoteza msaada wa shirikisho wa dola milioni 354. Wabunge walikubali tozo mwaka 2019, lakini Juni 2024, wiki chache kabla haijaanza, Gavana Kathy Hochul aliisimamisha akitaja gharama za maisha, kisha akairudisha kwa kiwango kilichoshushwa kutoka dola 15 hadi 9, na hatimaye ikaanza tarehe 5 Januari 2025 kusini mwa mtaa wa 60 huko Manhattan. Ahadi ni deni, lakini deni lisilodaiwa husahaulika, na miongoni mwa mambo yaliyosaidia kuirudisha tozo hiyo ni kesi mahakamani na shinikizo la abiria lililoendelea wakati hapakuwa na kura ya kupigwa.

Mfano wa pili ni Sheria ya Sammy, iliyopewa jina la mtoto wa miaka 12 aliyegongwa na gari Brooklyn mwaka 2013, na ambayo inaliruhusu jiji kushusha mwendo hadi maili 20 kwa saa, yaani kilomita 32. Mwaka 2023 Seneti iliupitisha muswada wake, lakini haukufika kwenye kura katika Baraza la Wawakilishi, licha ya wazazi waliofiwa na watoto wao kusafiri hadi Albany kuwasihi wabunge. Ulipita mwaka 2024. Familia hizo zilikuwa zikiomba kitu ambacho jimbo lingelipa jiji bila kutoa hata dola moja, nacho ni ruhusa ya kujilinda.

Wapo wanaosema kwamba kumpima mgombea kwa usafiri peke yake kunawasahaulisha wapiga kura elimu, afya na makazi, na hoja hiyo ina uzito pale ambapo asasi inafumbia macho makosa makubwa ya mgombea kwa sababu tu anapenda njia za baiskeli. Lakini mfanyakazi wa usiku anayetegemea treni, mzee anayevuka kwenda zahanati na mwanafunzi anayetembea hadi shuleni hukutana na elimu, afya na kazi kupitia barabara, na jimbo likiwanyima njia salama ya kufika huko linakuwa limewanyima sehemu ya huduma zenyewe. Vifo vya barabarani jijini New York vilivyokuwa karibu 300 mwaka 2013 vilishuka hadi 200 na ushei mwaka 2018, vikapanda tena wakati wa janga la korona, na kupanda huko kunaonyesha kwamba maisha yaliyookolewa kwa sheria yanaweza kupotea upesi uangalizi ukilegea.

Kwa hiyo uidhinishaji wa haki ni ule unaouliza maswali mahususi, unaochapisha majibu ili kila mpiga kura ayasome, unaoeleza sababu za kumkubali mgombea mmoja na kumkataa mwingine, na ambao baada ya kikao cha Bunge huyalinganisha majibu hayo na kura zilizopigwa. Asasi inayofanya hivyo hata dhidi ya mbunge iliyemsaidia kushinda, na iliyo tayari kumnyima uidhinishaji wa pili anapovunja ahadi, inawapa abiria na waendao kwa miguu mamlaka ambayo sheria haikuwaandikia lakini demokrasia haiwezi kuwanyima.