Pangani Haitazamwi kwa Haraka

Wenyeji wa Nainokanoka, chini ya mlima Olmoti, wameizoea desturi ya wageni: gari hufika likitimua vumbi, picha hupigwa, nalo hutoweka kuelekea Empakaai. Iwapo mwananchi wa huko atapata likizo akateremka pwani, twamshauri asiuige mwendo huo. Aende Pangani, naye atembee kwa miguu.

Pangani ni mji mdogo, mahali ambapo mto wa jina hilo, utokao Kilimanjaro na Meru, huingia baharini. Wenye haraka husema hapana kitu: nyumba kuukuu, milango ya nakshi, na kivuko cha kwendea Bweni. La hasha! Mji ule una mengi ya kusema, ila hausemi na mtu apitaye mbio.

Ni humo, mwezi wa Agosti 1888, wakala wa kampuni ya Wajerumani, Emil von Zelewski, alipolazimisha bendera yake ipandishwe. Wananchi walikataa, wakainuka chini ya Bushiri bin Salim. Mwaka huohuo Bushiri alimteka msafiri Oscar Baumann, akamwachilia kwa fidia. Tarehe 15 Desemba 1889 Bushiri alinyongwa papo hapo Pangani. Na Baumann yule yule ndiye aliyefika kreta ya Ngorongoro mwezi wa Machi 1892. Basi mtu wa Nainokanoka asidhani kwamba habari za pwani hazimhusu.

Wala mfanyakazi asidhani hivyo. Karibu na mji, huko Kikogwe, ilipandwa mwaka 1893 miche 62 ya mkonge, iliyosalia hai kati ya 1,000 ambayo Dk. Richard Hindorf aliiagiza kutoka Florida. Kwa miche hiyo lilianza zao lililokunywa jasho la maelfu ya manamba, wengine wakitoka mbali na makwao.

Majina ya Zelewski na Hindorf yamehifadhiwa vitabuni. Ya watumwa waliopitishwa katika bandari ile, na ya manamba waliokata mkonge, hayakuandikwa. Ushahidi wao umo katika kuta zinazobomoka na katika vinywa vya wazee, na vyote viwili vyapungua kila mwaka.

Kwa hiyo yatupasa kwenda mapema na kukaa bila haraka. Walimu wawapeleke wanafunzi, vyama vya wafanyakazi viwapeleke wanachama. Walale japo siku mbili, waketi na wazee ukingoni mwa mto, waulize, kisha waandike.