Figo Huumia Kimyakimya
Katika kliniki ya kisukari ya Hospitali ya Bugando, jijini Mwanza, watafiti waliwapima figo watu wazima 369. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yanatisha: 309 walikuwa na ugonjwa sugu wa figo, na hakuna aliyekuwa akijua.

Kila figo ina vichujio takriban milioni moja, vilivyoundwa kwa mishipa myembamba mno ya damu. Sukari ikizidi kwa miaka mingi, mishipa mikubwa hukakamaa. Msukumo wa damu huvifikia vichujio ukiwa mkali, navyo huanza kuvujisha protini kwenye mkojo. Figo iliyodhoofika nayo hupandisha presha, mishipa ikazidi kuumia.

Maumivu hayapo. Ndiyo maana kila mwenye kisukari anastahili kupimwa mkojo na damu walau mara moja kwa mwaka.