Tusichukuliwe na Mkondo: Uaminifu wa Mtumishi wa Neno

Waraka kwa Waebrania uliandikwa kwa Wakristo ambao hawakuwa wageni katika imani. Walikuwa wamevumilia mateso, na hata kunyang'anywa mali zao (Ebr. 10:32-34). Hata hivyo, katika 2:1 mwandishi anawaonya juu ya hatari isiyo na kelele. Kitenzi cha Kiyunani anachotumia, pararreo, chatokana na neno la kutiririka: ni kupita kando kama maji, au kuponyoka. Wafafanuzi wengi wameona hapo picha ya chombo kinachopitishwa bandari na mkondo, hasa kwa kuwa kitenzi kingine cha mstari huo, prosecho, yaani kuangalia sana, kilitumiwa pia na mabaharia kwa kuelekeza chombo pwani.

Picha hii yatufundisha jambo la msingi. Ili chombo kiende arijojo, si lazima nahodha aasi. Yatosha nanga isishike, na mtu asiangalie. Kadhalika ni wachache wanaoamka siku moja na kumkana Kristo. Walio wengi hupoa polepole: sala huahirishwa, Maandiko husomwa kwa ajili ya wengine tu, dhambi ndogo huzoeleka, na mwishowe moyo uko mbali ilhali kinywa kingali kikihubiri.

Hatari hii yatuhusu hasa sisi tulio wachungaji na wanafunzi wa theolojia. Twalishika Neno kila siku kama kazi. Twatafuta humo mahubiri ya Jumapili au jibu la mtihani. Basi mazoea ya mambo matakatifu yaweza kutudanganya kwamba tunakaa karibu na Mungu, kumbe tunakaa karibu na kazi yake tu.

Luther aliifahamu hatari hiyo. Katika dibaji ya Katekisimo Kubwa alieleza kwamba, ingawa alikuwa daktari wa theolojia na mhubiri, alijifunza Katekisimo kila siku kama mtoto. Mwaka 1535 alimwandikia kinyozi wake huko Wittenberg, Peter Beskendorf, kitabu kidogo kuhusu namna ya kusali. Alimshauri sala iwe kazi ya kwanza asubuhi na ya mwisho usiku, tena ajihadhari na wazo la kungoja kidogo hadi amalize shughuli hii au ile. Akamkumbusha kwamba kinyozi mwema huweka macho na mawazo yake kwenye wembe.

Mwaka uo huo, siku ya kuamkia Pasaka, Peter alimchoma kisu mkwewe, akafa. Luther na wengine wakamwombea kwa watawala. Akaponea adhabu ya kifo, lakini akafukuzwa mjini. Tusimhukumu ndugu huyu, wala tusikidharau kitabu alichoandikiwa. Habari yake yatuonya kwamba kuwa na mafundisho mema mkononi si sawa na kushikwa nayo moyoni. Tena yaonyesha kwamba aliyeanguka hakuachwa na mchungaji wake.

Imetupasa basi kufanya nini? Kwanza, tuurudie Ubatizo wetu. Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 yafundisha kwamba mtu wa kale hana budi kuzamishwa kila siku kwa majuto na toba. Pili, tusiache kuungama. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika ibara ya 11, lataka ondoleo la faragha lidumishwe kanisani; na mchungaji naye ahitaji mchungaji wa kumwungamia. Tatu, tuonyane kila siku (Ebr. 3:13). Aliye ndani ya chombo aweza kudhani kimetulia. Aliye pwani ndiye aonaye kwamba kinakwenda.

Lakini mazoezi haya si nanga yenyewe. Nanga yetu imeingia ndani ya pazia, alikoingia Yesu kwa ajili yetu (Ebr. 6:19-20). Haikutiwa katika bidii yetu, wala haitegemei jinsi tunavyojisikia leo. Kwa hiyo mtumishi anayetambua kwamba amekwisha kuchukuliwa mbali asikate tamaa, wala asijifiche. Arudi kwenye Neno lile lile analowahubiria wengine, alisikie kana kwamba ni mara ya kwanza. Twaangalia kwa bidii kwa sababu tumeshikwa, si ili tupate kushikwa.