Viza ya Matembezi Haihesabu Miaka

Mtu anayeishi Dubai kwa viza ya matembezi hachelewi kukwambia kwamba yuko kihalali, na mara nyingi anasema kweli. Viza yake ya siku 60 bado inasoma. Iliyotangulia ilipoisha alitoka nchini, akaingia kwa nyingine, na kabla ya hapo alifanya vivyo hivyo. Hajawahi kutozwa faini. Ukimuuliza ana muda gani pale, atakujibu miaka mitatu. Ukiiuliza idara ya uhamiaji swali hilohilo, jibu ni wiki tano.

Kati ya majibu hayo mawili ndipo hatari ilipo. Maonyo mengi tunayoyasikia huku kwetu yanahusu watu waliozidisha siku, na hao nitawafikia. Lakini hata asiyezidisha siku moja anaishi mahali ambapo muda wake haumjengei kitu. Kila anapoingia ni mgeni mpya, asiye na jana.

Tuanze na mshahara, maana hapo jambo hili linaonekana waziwazi. Tangu 2009 Falme za Kiarabu zina mfumo wa kulinda mishahara. Mwajiri wa sekta binafsi hulipa kupitia benki au taasisi iliyoidhinishwa, na wizara inayosimamia kazi huona kama fedha zimeingia au hazikuingia. Mfanyakazi aliyesajiliwa akidhulumiwa hupeleka malalamiko wizarani, na kwa madai yasiyozidi dirhamu 50,000 wizara ina mamlaka ya kuamua yenyewe. Mwenye viza ya matembezi hayumo humo. Analipwa mkononi, au halipwi. Akienda kulalamika, maelezo yake yanaanza kwa kukiri kwamba alifanya kazi bila kibali, kosa ambalo linaweza kumletea faini na kurudishwa kwao.

Mwaka 2024 serikali iliongeza adhabu kwa waajiri wa namna hii. Faini iliyokuwa kati ya dirhamu 50,000 na 200,000 sasa ni kuanzia 100,000 hadi milioni moja. Wapo waliofurahi wakidhani sasa mwajiri ndiye atakayeogopa. Anaogopa kweli, ila hofu yake huishia mgongoni mwa mfanyakazi: wakaguzi wakitajwa, mfanyakazi anaambiwa asije kwa wiki mbili, bila malipo. Kisha inakuja ile ahadi ambayo kila aliyepitia huko anaijua, kwamba viza ya kazi "itatoka mwezi ujao". Ahadi hiyo haimgharimu mwajiri kitu, na ndiyo inayomfanya mtu avumilie mshahara uliopunguzwa na zamu ya saa 12.

Hesabu nyingine ambayo watu hawaipigi ni ya kiinua mgongo. Kwa sheria ya kazi ya huko, aliyetimiza mwaka mmoja anastahili mshahara wa msingi wa siku 21 kwa kila mwaka, katika miaka mitano ya mwanzo. Mwenye mshahara wa msingi wa dirhamu 1,500 aliyefanya kazi miaka mitatu anaondoka na dirhamu 3,150. Mwenzake aliyesimama naye kaunta hiyohiyo miaka hiyohiyo mitatu, kwa viza ya matembezi, haondoki na kitu. Na ikiwa alilipia viza mwenyewe kila baada ya miezi miwili, amekuwa akimlipia mwajiri gharama ambazo sheria inamkataza mwajiri kumbebesha mfanyakazi.

Makazi nitayapitia haraka. Bila kitambulisho cha Emirates ni vigumu kuandikisha mkataba wa pango wa kawaida, kwa hiyo watu hukodi kitanda katika chumba kilichogawanywa kwa mbao. Juni 2025 Manispaa ya Dubai iliendesha msako wa vyumba vya namna hiyo katika mitaa kama Al Rigga, Al Muraqqabat na Satwa. Asiye na mkataba hana pa kudai kodi aliyokwisha kulipa.

Jambo linalonitisha zaidi kuliko yote ni maradhi. Bima inayouzwa pamoja na viza ya matembezi kwa kawaida hugharimia dharura tu. Presha na kisukari cha siku zote, ujauzito, meno na dawa za kila mwezi havimo. Chukua mfano wa dada mwenye kisukari anayenunua dawa kwa fedha zake, na mwezi ambao hakulipwa akaziacha. Siku ya tatu anaanguka. Hospitali inampokea, inamtibu, halafu inaleta bili. Kwa sheria ya mwenendo wa madai ya huko, mdai mwenye deni lisilopungua dirhamu 10,000 anaweza kuiomba mahakama imzuie mdaiwa kusafiri. Siku chache kitandani katika wodi ya wagonjwa mahututi zinatosha kufika hapo.

Hapo ndipo mambo mawili yanapokutana. Zuio la kusafiri halirefushi viza. Dada huyu hawezi kuondoka kwa sababu ya deni, hawezi kubaki kwa sababu siku zimekwisha, hawezi kufanya kazi alipe kwa sababu hana kibali. Kila usiku unaopita faini ya uhamiaji inapanda juu ya deni la hospitali. Familia huko Tanga au Malindi inapoanza kuchangishana, inachangia kiasi ambacho tayari kimeongezeka. Nimewahi kusikia watu wakiuita mkosi. Mimi naona ni jambo linalotabirika kabisa kwa yeyote anayeishi miaka kwa karatasi iliyotengenezwa kwa ajili ya wiki chache za kupanda Burj Khalifa na kununua manukato.

Sasa faini yenyewe. Anayezidisha siku hutozwa dirhamu 50 kwa kila siku. Watu hulisikia neno hamsini wakaliona dogo. Lizidishe kwa 30: ni 1,500. Yule anayelipwa dirhamu 1,500 kwa mwezi anafanya kazi mwezi mzima kuilipa serikali, bila kubakiwa na nauli ya basi. Miezi mitatu ni dirhamu 4,500, na kwa kuwa dirhamu imefungwa kwa dola kwa kiwango cha 3.6725, hizo ni takriban dola 1,225.

Lipo na jingine ambalo wasafiri wengi hawaelezwi wanapouziwa viza. Viza nyingi za matembezi hutolewa kupitia kampuni ya utalii, na kampuni hiyo ndiyo mdhamini wako mbele ya serikali. Ukizidisha siku, kampuni inaweza kukuripoti kuwa umetoroka, kwa sababu nayo inaogopa kuadhibiwa au kuzuiwa kuomba viza nyingine. Ripoti hiyo ni shauri tofauti na faini. Kuifuta kuna gharama yake, na isipofutwa inaweza kukufungia mlango wa kurudi. Ajenti wa Kariakoo au wa River Road aliyekuchukulia fedha hatakuwepo siku hiyo.

Wengine hujaribu kukwepa yote haya kwa kutoka na kuingia: basi hadi mpaka wa Oman, au safari fupi ya ndege hadi Kish, kisiwa cha Iran, kungojea viza mpya. Njia hii imewafaa wengi, sitakataa. Lakini hakuna sheria inayomlazimu afisa kukupa viza ya sita kwa sababu alikupa ya tano. Ikikataliwa ukiwa Kish, nguo zako, simu ya pili na mshahara unaodai viko Deira, Dubai, na wewe umekaa hotelini katika nchi ambayo hukuipangia bajeti. Kubadili pasipoti pia hakusaidii. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 Falme za Kiarabu zimekuwa zikipiga picha mboni za macho ya wasafiri ili kumtambua aliyewahi kufukuzwa, hata akija na jina jingine.

Nchi nyingine zina njia zao za kukumbuka. Katika eneo la Schengen mgeni anaruhusiwa siku 90 ndani ya kila siku 180, na tangu 12 Oktoba 2025 Ulaya imeanza kuhesabu siku hizo kwa alama za vidole na picha badala ya kutegemea mihuri. Marekani, kwa sheria ya 1996, aliyebaki isivyo halali zaidi ya siku 180 kisha akaondoka hufungiwa miaka 3, na aliyebaki mwaka mmoja au zaidi hufungiwa 10. Huko Marekani wengi wetu hunaswa na tarehe: wanasoma ile iliyochapwa kwenye viza, ambayo ni mwisho wa ruhusa ya kuomba kuingia, wakasahau aliyoipanga afisa mpakani, ambayo ndiyo mwisho wa kukaa.

Je, hakuna njia halali? Zipo, ila si pana kama zinavyotangazwa. Oktoba 2022 Falme za Kiarabu zilianzisha viza ya kutafuta kazi ya siku 60, 90 au 120, isiyohitaji mdhamini. Inataka shahada, pamoja na ujuzi wa ngazi tatu za juu au kuwa umehitimu karibuni katika chuo kilichomo kwenye orodha ya vyuo vikuu 500 bora duniani. Viza ya mwaka mmoja kwa wanaofanya kazi za nje kwa intaneti inadai kipato kisichopungua dola 3,500 kwa mwezi. Mlinzi, mpishi au mhudumu wa hoteli hayumo katika hizo mbili. Kwake mlango ni mmoja, kibali cha kazi. Kinaweza kutoka kabla ya safari, na sheria inaruhusu pia kubadilishiwa hadhi ukiwa tayari umeingia kwa matembezi. Kwenda kufanya usaili kwa viza ya matembezi si kosa. Kuanza kazi kabla ya kibali ndiko kosa.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mwajiri ni moja: ofa ya kazi iko wapi? Tangu 2016 ofa ya sekta binafsi hutolewa kwa fomu ya wizara ya kazi, ina nambari inayoweza kuhakikiwa, na mkataba unaofuata hauruhusiwi kuwa na masharti mabaya kuliko ofa uliyotia saini. Barua yenye nembo ya kampuni iliyotumwa kwa WhatsApp si ofa. Upande wa nyumbani, Tanzania ina wakala wa serikali wa huduma za ajira, TaESA, na Kenya ina Mamlaka ya Taifa ya Ajira, ambako unaweza kuuliza kama wakala wako amesajiliwa. Ukiwa huko tayari, Tanzania na Kenya zote zina ubalozi Abu Dhabi na ofisi ya konseli Dubai.

Wengine wanangoja msamaha. Ulikuwepo 2018, na mwingine ukaanza 1 Septemba 2024 na kufungwa 31 Desemba mwaka huo, na waliojitokeza walifutiwa faini, na walioondoka hawakufungiwa kurudi.  Kwa dirhamu 50 kwa siku, sioni nani anaweza kuusubiri mwingine.

Nawaomba ndugu mnaouza shamba au kuchangia nauli: kabla fedha haijatoka mkononi, takeni kuiona ofa yenye nambari ya wizara na muihakiki. Kama haipo, mwacheni kijana akae nyumbani hadi itakapopatikana.