Tovuti Imesema "Imelipwa", Lakini Pesa Haijaingia

Juzi mteja wetu mmoja anayeuza viatu Nakuru alitupigia simu akiwa amekasirika kweli. Tovuti yake mpya ilikuwa imeonyesha oda nne "zimelipwa", akampa mtu wa boda pea nne za raba azipeleke. Jioni kuangalia simu, pesa iliyoingia ni ya pea moja tu. Alidhani malipo yamechelewa. Hayakuchelewa. Wanunuzi watatu walibonyeza kitufe cha kulipa, kile kisanduku cha PIN kikatokea, wakakifunga.

Tulikaa na fundi wake tuone ni wapi mambo yaliharibika, na tunawaeleza kwa sababu wengi wenu mnajengewa tovuti kwa njia hii hii.

Sura ya tovuti ilitengenezwa kwa Webflow. Hapo unavuta visanduku, unapanga picha, unabadilisha rangi, na programu inakuandikia HTML na CSS yenyewe. Ukiwa na mpango wa kulipia unaweza kupakua faili hizo uziweke kwingine. Lakini kinachokuja ni sura tu: fomu zinaacha kufanya kazi, na orodha za bidhaa zilizokuwa zikijijaza zenyewe zinabaki tupu.

Ndiyo maana fundi alileta Django, mfumo uliozaliwa kwenye gazeti moja la mji wa Lawrence, Kansas, ukatolewa kwa umma mwaka wa 2005. Huu hukaa kwenye seva na kushika bidhaa, bei, stoki na oda. Pale ukurasa ulipoandikwa "Raba nyeupe, sh. 2,500", fundi aliondoa maandishi hayo akaweka alama inayoiambia seva ijaze jina na bei kutoka kwenye hifadhidata. Kazi yenyewe inachosha. Ukibadilisha sura kule Webflow, faili zinapakuliwa tena na alama zinawekwa upya, kwa hivyo usishangae fundi akinuna ukitaka rangi mpya kila Ijumaa.

Sasa tuje kwa pesa. Ombi la kulipa lazima litoke kwenye seva, si kwenye ukurasa. Funguo za siri za malipo zikiandikwa kwenye ukurasa, mtu yeyote anaweza kuzisoma kwa kufungua msimbo wake kwenye kompyuta. Bei pia isitoke kwenye ukurasa, maana mjanja anaweza kuigeuza 2,500 ikawa 25 kabla ya kubonyeza. Hayo mawili fundi wetu aliyafanya sawa kabisa.

Kosa lilikuwa kwenye majibu. Ukituma ombi la malipo kupitia Daraja ya Safaricom, kwa mfano, unapata majibu mawili. La kwanza huja mara moja, na namba 0 hapo ina maana kwamba ombi limepokelewa, basi. Mnunuzi hata hajaweka PIN. La pili hutumwa kwa anwani ya seva yako baada ya mnunuzi kuamua: 0 ni amelipa, na linakuja na namba ya risiti, 1032 ni ameghairi. Fundi aliona ile 0 ya kwanza akaandika "Imelipwa".

Marekebisho yalichukua mchana mmoja. Siku hizi ukurasa unasema "Tunasubiri malipo yako", na oda haisongi mpaka jibu la pili lifike na kiasi kilingane na bei iliyo kwenye hifadhidata.

Kama una tovuti, jaribu leo: agiza kitu chako mwenyewe, kisanduku cha PIN kikitokea, kifunge. Ukiambiwa "Asante kwa kulipa", mpigie fundi kabla hujampigia mtu wa boda.

Yule wa Nakuru amerudishiwa pea moja. Mnunuzi wa pili alilipa alipopigiwa simu. Wa tatu amezima simu mpaka leo.