Soko la hisa likipanda, uliza nani kalipandisha

Na Mwandishi Wetu, Chamwino

MKULIMA wa Chamwino hahitaji kufundishwa hatari ya kutegemea zao moja. Mvua za huku ni chache na hukatika bila taarifa, ndiyo maana mwenye busara hupanda mtama, uwele, karanga na alizeti, na penye maji huongeza zabibu. Mahindi yakikauka, nyumba haikosi ugali.

Lakini mkulima huyo huyo akiweka akiba kwenye hisa, mara nyingi husahau somo hilo. Husikia redioni kuwa soko limepanda, akadhani kila kampuni inafanya vizuri. Sivyo.

Katika Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE), lililoanza mauzo Aprili 1998 kwa hisa za TOL, kila kampuni ina uzito wake. Uzito huo ni idadi ya hisa zake mara bei ya hisa moja. Vodacom Tanzania ilipoingia sokoni Agosti 2017 ilikuwa na hisa bilioni 2.24 za Sh850 kila moja, yaani Sh1.9 trilioni. Maendeleo Bank iliingia mwaka 2013 na hisa takriban milioni tisa za Sh500, yaani Sh4.5 bilioni. Zingehitajika benki kama hiyo zaidi ya 400 kulingana na Vodacom moja.

Mwaka 2021 hali ilikuwa hivi: TBL, yenye hisa takriban milioni 295 kwa bei ya Sh10,900, ilikuwa na thamani ya Sh3.2 trilioni. Kampuni ya Sigara (TCC), kwa hisa milioni 100 za Sh17,000, ilikuwa na Sh1.7 trilioni. Vodacom, kwa Sh770, nayo ilikuwa na Sh1.7 trilioni. Kampuni zote za ndani zilikuwa na thamani ya kati ya Sh9 trilioni na Sh10 trilioni. Kwa hiyo kampuni tatu zilibeba karibu theluthi mbili ya soko au zaidi, ingawa zilizoorodheshwa zilipita 20. Tangu hapo hisa za NMB na CRDB zimepanda sana na uzito umeelekea kwenye mabenki, lakini wakubwa bado ni wachache.

Wachumi hupima jambo hili kwa kipimo cha Herfindahl-Hirschman. Jina linatisha, ila hesabu yake ni nyepesi. Chukua mnada wenye wanunuzi watano wa alizeti, kila mmoja akinunua asilimia 20. Zidisha 20 kwa 20 upate 400, kisha jumlisha za wote watano: 2,000. Sasa mmoja akinunua asilimia 60 na wanne waliobaki asilimia 10 kila mmoja, utapata 3,600 na 400, jumla 4,000. Akibaki mmoja peke yake ni 10,000.

Gawa 10,000 kwa jibu lako. Mnada wa kwanza una wanunuzi watano kweli. Wa pili una majina matano, lakini nguvu yake ni ya wanunuzi wawili na nusu. Hesabu hiyo hiyo inafaa kwa kampuni za DSE.

Wakenya wameonja uchungu wake. Mwaka 2021 Safaricom peke yake ilikuwa zaidi ya nusu ya thamani ya soko la Nairobi. Hisa yake iliposhuka kutoka zaidi ya Sh40 za Kenya mwaka huo hadi chini ya Sh15 mwaka 2023, soko zima liliburuzwa nayo.

Kabla ya kununua, muulize dalali wako maswali matatu. Kampuni tano kubwa zina asilimia ngapi ya soko? Takwimu hizo zinajumuisha kampuni za Kenya zilizoorodheshwa pia Dar es Salaam, au ni za ndani tu? Na hisa unayoitaka huuzwa mara ngapi kwa wiki? Bei iliyosimama muda mrefu si lazima iwe dalili ya uimara. Huenda hakuna anayenunua, nawe utakwama siku ya kulipa ada.

Kisha gawa akiba yako kama unavyogawa shamba. Hisa za mabenki matatu ni zao moja lililopandwa katika matuta matatu.