Makuhani na Wanazuoni wa Mayahudi wa Kale

Mayahudi wa kale walikuwa na makundi mawili ya wakuu wa dini, na khabari zao zina mazingatio kwa kila mwenye akili.

Kundi la kwanza ni makuhani, kizazi cha Nabii Haruni, nduguye Nabii Musa. Kazi yao ilikuwa kutoa dhabihu katika Hekalu la Baitul Muqaddas. Ukuhani haukupatikana kwa kusoma. Mtu aliurithi kwa babaye. Kundi la pili ni wanazuoni wa Taurati, ambao baadaye waliitwa marabi. Cheo cha hawa kilitokana na elimu. Hata mtoto wa fukara, akisoma akahitimu, aliweza kuketi mbele ya watu akafundisha na kuhukumu.

Je, nani alikuwa juu ya mwenziwe? Katika Mishna, kitabu cha sheria kilichokusanywa yapata mwaka 200 wa Miladi, imeelezwa kwamba siku saba kabla ya Siku ya Kafara, Kuhani Mkuu alitengwa na nyumba yake. Wazee wa baraza walimsomea kanuni za ibada ile, maana yumkini amezisahau au hakupata kujifunza. Kisha wakamwapisha asibadili neno. Naye akageuka kando akalia, na wao wakageuka wakalia. Usiku, ikiwa hajui kusoma, wao walimsomea. Na humo humo imehukumiwa kuwa mwana wa haramu mwenye elimu hutangulizwa mbele ya Kuhani Mkuu aliye mjinga. Lakini tukumbuke kuwa waliokiandika kitabu hicho ni marabi wenyewe.

Mwaka 70 Warumi walilichoma Hekalu, na makuhani wakabaki bila ya madhabahu. Yohanan ben Zakkai na wenziwe wakaendelea kusomesha katika mji wa Yavne. Wala hawakuwavunjia makuhani heshima. Hata leo katika masinagogi mengi kuhani ndiye wa kwanza kuitwa Taurati isomwapo. Tena wako waliojumuisha yote mawili, kama Rabi Tarfon, aliyekuwa kuhani na mwanachuoni.

Basi enyi wazazi, nanyi vijana, nasaba njema ni neema, wala haidharauliwi. Lakini ajitukuzaye kwa jina la babu tu, siku ya mtihani atashika nini? Jengo huungua, elimu iliyo kifuani haiungui.